Jiwe lenye maandishi lililofukuliwa mavani: unga mweupe unatoka wapi, na lifanyiwe nini?

Swali: *Sisi ni vijana wa kijiji kimoja cha pwani ya Tanga. Tulipokuwa tunafyeka mava ya zamani karibu na gofu la msikiti, jembe liligonga jiwe lililolala kifudifudi, kina cha kama shubiri mbili. Tulipoligeuza tukaona mstari wa herufi zilizoinuka, hazina nukta, na ncha za baadhi yake zimechipua kama majani. Urefu ni kama sentimita 70, upana 35, unene 12. Tuliliosha kwa sabuni ya unga na brashi, tukaliegemeza juani likauke. Leo ni siku ya tisa. Linatoa unga mweupe, na ukipitisha kidole punje zinadondoka. Ustadhi wetu wa chuoni ameshindwa kuyasoma maandishi. Wazee wengine wanasema ni jiwe la Wareno, wengine la Washirazi na kwamba linaonyesha palipofukiwa dhahabu. Kuna mtu amekuja kutoka mjini anataka kulinunua, na kamati ya msikiti inataka kulijenga kwa saruji katika ukuta wa msikiti mpya. Lina umri gani, na tufanye nini?*

Jibu: Nitaanza na huo unga, kwa sababu umri, dhahabu na mnunuzi vinaweza kusubiri mwezi mzima, lakini unga hausubiri. Kila punje inayodondoka ni sehemu ya uso wa jiwe, na herufi ziko usoni. Leo hii, kabla ya jambo lingine lolote, liondoeni juani.

Kwa maelezo yenu, karibu kwa hakika hilo ni tumbawe. Litazameni pale lilipomeguka. Mkiona vijitundu vilivyojipanga sawasawa kama sega, kila kimoja kama milimita moja, hilo ni tumbawe la baharini la jamii ya porites. Mafundi wa pwani walilikata likiwa bichi kutoka kwenye mwamba wa chini ya maji. Likiwa na maji yake bado ni laini, linakubali patasi kama mti. Likishakaa hewani linakuwa gumu. Ndiyo maana mihrabu, mashahidi ya makaburi (yaani mawe yanayosimamishwa kichwani mwa kaburi) na fremu za milango ya fahari zilichongwa humo. Mkiona badala yake maganda ya kombe, mchanga na vipande vya matumbawe vilivyoshikamana ovyo, hilo ni jiwe la mwamba wa nchi kavu, mabaki ya bahari ya zamani sana. Hilo hujengewa kuta, lakini halishiki nakshi ndogondogo. Herufi zilizoinuka zenye ncha za majani, kama mnavyozieleza, zinaelekeza kwenye tumbawe la baharini.

Sasa, kwa nini linatoa unga? Vijitundu vile vimekaa ardhini, karibu na bahari, vikiwa vimejaa maji yenye chumvi kwa miaka mingi sana. Huko chini jiwe lilikuwa limetulia: unyevu haukubadilika, chumvi ikabaki imeyeyuka. Mlipolitoa na kuliweka juani, maji yalivutwa kutoka ndani kuja nje kwa haraka, yakaibeba chumvi hadi usoni, kisha maji yakapaa na chumvi ikaganda. Chumvi inayoganda juu ya jiwe ni ule unga mnaouona, nao si hatari kubwa. Hatari ni ile inayoganda milimita moja au mbili chini ya uso, ndani ya vijitundu. Fuwele zake hukua, zinasukuma kuta za tumbawe, na kuta zinapasuka. Punje zinazobaki kidoleni ni huo mpasuko.

Halafu kuna mzunguko. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75, na huganda tena ukishuka chini ya hapo. Hewa ya pwani hupita mpaka huo mara kwa mara: usiku na alfajiri juu, adhuhuri chini. Jiwe lililoachwa nje linaweza kupigwa kila siku. Sabuni ya unga nayo imeongeza, maana ndani yake mna chumvi nyingine za sodiamu ambazo sasa zimeingia kwenye vijitundu pamoja na zile za bahari. Silisemi hili kuwalaumu. Kuosha ni heshima, na kila mtu angeosha. Ila lisioshwe tena, hata kwa maji ya mvua, kwa sababu kila kulowa kunaanzisha mzunguko upya.

Mlichukue hivi. Kwa ujazo mlioutaja litakuwa na kilo 40 hadi 60, kwa hiyo watu wawili hawatoshi kulishika kwa utulivu, wawe wanne. Pitisheni ubao imara chini yake, upana kama wa jiwe lenyewe, juu ya ubao kuwe na blanketi lililokunjwa, na mlibebe ubao, si jiwe. Msilishike kwa kingo wala kulifunga kamba. Lilazeni uso wenye herufi ukitazama juu, ndani ya chumba chenye kivuli, kisichovuja na kisicho na upepo wa moja kwa moja. Stoo ya msikiti inafaa sana. Lisikae juu ya sakafu ya saruji, ambayo hupandisha unyevu na chumvi zake. Wekeni vipande viwili vya mbao vyenye kimo cha sentimita 10, jiwe juu yake, hewa ipite chini. Lifunikeni kwa shuka kuukuu la pamba, safi na kavu. Nailoni hapana, inafungia jasho na kuleta kuvu.

Unga uliokwisha kutoka, uondoeni kwa brashi laini ya rangi ya maji au ya poda, kwa mkono mwepesi, mkielekeza kwenye karatasi, kisha uutupe mbali. Sehemu ambayo punje zinadondoka msiiguse kabisa, hata kwa brashi. Vipande vilivyokwisha kudondoka vikusanyeni katika bahasha na muandike vilitoka pembe gani. Fundi wa kuhifadhi anaweza kuivuta chumvi nje kwa kupaka jiwe udongo maalumu au rojo la karatasi lililolowekwa maji yasiyo na madini, akalibandua na kurudia mara kadhaa huku akipima chumvi inayotoka. Msilijaribu hilo wenyewe. Likifanywa bila vipimo linaisukuma chumvi ndani zaidi.

Kwa wengine watakaokuta jiwe kama hili kabla halijakauka, somo ni kinyume na silika: likitoka bichi, lisikaushwe. Lifungwe gunia la katani lenye unyevu, liwe kivulini, na gunia lilegezwe kidogokidogo kwa wiki tatu hadi sita. Lenu limekwisha kauka, kwa hiyo msilirudishie unyevu.

Na jambo moja ambalo nimeliona likishauriwa sana: ndimu au siki ya kung'arishia. Tumbawe ni ileile asili ya chokaa. Tindikali ya ndimu hulitafuna likatoa povu, na povu hilo ni herufi zinazoondoka. Dawa za klorini za kufulia nazo zinaacha chumvi. Msijaze herufi kwa chaki wala rangi ili zisomeke. Unga wa chaki ukishaingia kwenye vijitundu hautoki. Kama kuna tabaka la chokaa ya kale juu ya sehemu ya maandishi, msilikwangue, kwa kuwa mara nyingi ndilo lililoilinda nakshi iliyo chini.

Ustadhi wenu asione haya kushindwa. Maandishi yasiyo na nukta, ya pembe pembe, yenye ncha zinazochipua majani, ni sifa za Kikufi cha mapambo, mwandiko ambao Msahafu wa leo hauutumii. Bila nukta, be, te, the, nuni na ye za katikati ya neno zinafanana zote, na fundi aliongeza maua kujaza nafasi, kwa hiyo msomaji lazima kwanza atofautishe herufi na jani. Hata aliyebobea huhitaji picha nzuri na muda.

Mfano wenye tarehe mnaoweza kuulinganisha nao hauko mbali: uko katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kwenye kibla chake kuna maandishi ya Kikufi cha majani yaliyochongwa kwenye tumbawe, yakisema kazi ile iliamriwa na Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, mwezi wa Dhulkaadi mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yote. Lakini jengo mnaloingia leo si lile la 1107. Maandishi mengine palepale yanataja kujengwa upya mwaka 1184 wa Hijria, ambao ni 1770. Mafundi wa karne ya 18 waliyahifadhi mawe ya wazee wao na kuyatia katika kuta mpya. Kumbukeni hilo, kwa sababu linagusa umri wa jiwe lenu: mwaka wa jiwe na mwaka wa mahali lilipokutwa vinaweza kupishana kwa karibu karne saba.

Kwa hiyo, lina umri gani? Kwa mwandiko peke yake ningesema linaweza kuwa la karne ya 11 hadi ya 13, na ningeacha mlango wazi. Kikufi kiliachia nafasi miandiko ya mviringo katika maandishi ya mawe ya nchi za Kiislamu kufikia karne za 12 na 13, lakini kama pambo kiliendelea kutumika baadaye. Na kama mstari huo ni aya tupu, bila jina wala tarehe, itabidi kutegemea mwandiko na vitu vilivyokuwa kando yake.

Itafuteni tarehe kwanza. Kwenye mawe ya kale haiandikwi kwa tarakimu, huandikwa kwa maneno, mamoja kwanza, kisha makumi, kisha mamia. Mwaka 498 ungesomeka "thamani wa tis'ina wa arba'a mia". Masikio ya Mswahili yana faida hapa, maana tisini na mia tunazo. Neno la kusaka ni "sana", mwaka, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mstari. Mkipata mwaka wa Hijria, zidisheni kwa 0.97, jumlisheni 622, mtapata mwaka wa Miladi kwa kukosea mwaka mmoja hivi: 500 mara 0.97 ni 485, na 622, ni 1107.

Mtaulizwa kwa nini msipeleke kipande maabara kikapimwe kaboni. Kipimo hicho kinaeleza lini tumbawe lilikufa, si lini lilichongwa. Kama ni la mwamba wa nchi kavu, lilikufa kabla hakujakuwa na mtu wa kuchonga herufi duniani, na kipimo cha kaboni hakifiki huko. Hata la baharini lina kasoro yake, kwa kuwa kaboni ya maji ya bahari hulifanya lionekane la kale kuliko lilivyo. Kinachotoa umri mzuri ni udongo wa chini ya jiwe: vigae vya vyungu, shanga, makaa. Ndiyo sababu naomba sana shimo lile lisichimbwe zaidi. Lirudishieni udongo uleule, juu wekeni turubai na mawe manne, basi.

Kuhusu Wareno. Vasco da Gama alifika pwani hii 1498, na Wareno waliandika kwa herufi za Kilatini. Jiwe la Kikufi haliwezi kuwa lao.

Kuhusu Washirazi, jibu ni refu kidogo, na wazee wenu hawakosei kabisa. Mwandiko wa Kizimkazi umefananishwa na kazi za Siraf, bandari ya Ghuba ya Uajemi, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature, uliotumia mifupa ya makaburi ya pwani ya kati ya 1250 na 1800, ulikuta nasaba ya Kiasia, sehemu kubwa ya Kiajemi na kwa upande wa wanaume, ikiwa imechanganyika na ya Kiafrika kuanzia karibu mwaka 1000, nayo ya Kiafrika ikija zaidi kwa upande wa wanawake. Lakini jiwe halikuja na jahazi likiwa tayari. Tumbawe ni la hapa na kazi ilifanyika hapa, iwe kwa mkono wa fundi mgeni au wa mwanafunzi wake mwenyeji. Na Uislamu wenyewe ulikuwa umeshakaa: kule Shanga, visiwa vya Lamu, uchimbaji ulifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Kuliita jiwe hilo "la Washirazi" kana kwamba si la babu zenu ni kujinyang'anya.

Kuhusu dhahabu, niseme bila kuzunguka: hakuna. Anayezikwa Kiislamu huzikwa na sanda, na shahidi la kaburi linaonyesha aliyelala, si mali. Hazina zipo pwani hii, kama ile ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyopatikana 1984 na kuwa na sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na ndogo ndogo. Hakuna jiwe la kaburi lililoelekeza huko. Kinachotokea uvumi wa dhahabu ukienea ni watu kuja usiku na sururu, kuvunja makaburi na kuondoka mikono mitupu. Katazeni maneno hayo mapema, na picha za jiwe zisirushwe mtandaoni pamoja na jina la mahali.

Kazi mnayoweza kuifanya vizuri kuliko mtaalamu yeyote ni kuandika mlichokiona, kwa sababu nyinyi ndio mlioona, na kumbukumbu inafifia. Leo jioni kaeni pamoja mwandike: lililala wapi, uso ukitazama wapi, kina gani, urefu wake ukielekea wapi, kulikuwa na nini kando yake. Pimeni kwa futi kamba umbali kutoka kwenye shimo hadi vitu viwili visivyohama, kwa mfano pembe ya gofu na shina la mbuyu, na mchukue alama ya mahali kwa simu. Mwelekeo una maana kubwa. Kwetu kibla ni kaskazini, na maiti hulazwa ubavu wa kulia akikielekea. Kwa hiyo kaburi hulala mashariki na magharibi, kichwa mashariki. Jiwe lililosimama kichwani likaanguka litakuwa upande wa mashariki wa kaburi fulani. Lililolala kifudifudi mahali pasipo kaburi huenda lilihamishwa kutoka msikitini, na hapo tutauliza kama si shahidi bali ni kipande cha mihrabu. Unene wa sentimita 12 na mstari mmoja wa maandishi unaruhusu yote mawili. Chunguzeni kingo: kama maandishi yamekatika ghafla ukingoni, lina mwenzake, kama theluthi ya chini imeachwa bila kulainishwa, sehemu hiyo ilifukiwa ardhini, na ni la kaburi.

Picha zipigwe gizani, si mchana. Zimeni taa, simu moja isimame juu kabisa ya jiwe ikilitazama sawa, bila mwanga wake, na mtu wa pili ashike tochi chini, karibu usawa wa jiwe, mwanga ukiteleza juu ya uso. Vivuli vitazisimamisha herufi. Rudieni tochi ikitoka kushoto, kulia, juu na chini, maana mkunjo wa herufi uliopotea kwa mwanga mmoja hutokea kwa mwingine. Wekeni rula kando. Kisha, kwa mwanga wa kawaida wa kivulini, zungukeni jiwe mkipiga picha 60 hadi 80, kila moja ikirudia theluthi mbili ya iliyotangulia. Kwa hizo mtaalamu anaweza kutengeneza umbo kamili la jiwe kwenye kompyuta na kulisoma bila kuligusa.

Sasa kamati ya msikiti. Nia yao ni njema na ina mfano wa Kizimkazi mbele yake, lakini wale walijenga kwa chokaa, si saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui. Maji ya ukuta yakikosa njia kwenye saruji yatapita kwenye jiwe, yakiwa na chumvi za saruji yenyewe, na uso utadondoka mbele ya macho ya waumini. Tena lililofungwa kwa saruji halitoki bila kuvunjika. Kurudisha mavani na kulisimamisha wazi ni vibaya pia, kwa sababu ya mvua, chumvi na wezi. Kulifukia tena palepale, ndani ya mchanga msafi wa mtoni usio wa bahari, ni njia ya heshima na hulinda vizuri, ila kwa jiwe lililokwisha kukauka na kuanza kumeguka nisingeikimbilia kabla halijatazamwa. Makumbusho yatalitunza, lakini litakuwa mbali na watu wake. Kwa maoni yangu libaki stoo ya msikiti kwa sasa, na baada ya kutibiwa lilazwe ndani ya msikiti kwenye meza ya mbao, kavu, mbali na dirisha, na nakala yake ya chokaa iliyotengenezwa kutokana na zile picha ndiyo ijengwe ukutani. Wanaotaka kuchoma ubani wasizuiwe. Chetezo kikae hatua mbili kutoka kwenye jiwe, na mafuta yasipakwe.

Mnunuzi aambiwe hapana, na jina lake mlihifadhi. Sheria ya Malikale ya Tanzania ya 1964 inalinda kitu chochote kilichochongwa au kuandikwa na mkono wa mtu kabla ya 1863. Kukichimbua kunahitaji leseni na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Hata pasipo sheria, jiwe likiuzwa linapoteza mahali pake, na nusu ya linachosema iko katika mahali.

Ugunduzi kama huu ni lazima uripotiwe. Anzeni kwa maandishi kwa afisa utamaduni wa wilaya, nakala iende Idara ya Malikale katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina watu wa kulitazama. Waliokuta jiwe Unguja au Pemba wanakwenda kwenye mamlaka ya mambo ya kale ya Zanzibar. Kenya, Makumbusho ya Taifa, ambayo pwani yana ofisi Fort Jesus, Mombasa. Msisubiri kujibiwa kwa barua ikiwa mtaona moja kati ya haya: ufa unaopita jiwe zima, uso unaotoka kwa magamba badala ya punje, au kuvu la kijani au jeusi. Hapo nendeni wenyewe, mkiwa na picha na ile bahasha ya vipande, jiwe likibaki lilipolala. Na kama kwenye shimo mlikuta mfupa, hata mmoja, udongo urudishwe siku hiyohiyo mbele ya imamu, na muuandike mfupa huo katika ripoti pamoja na jiwe.